Theluji magotini shule wazi, jua linawaka shule imefungwa: wanaamuaje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Bukoba, sasa yuko Buffalo, jimbo la New York, ana miezi mitano tu tangu afike. Kaandika hivi:

"Kaka habari za kazi. Nina watoto wawili, mmoja darasa la pili mwingine la saba. Wiki iliyopita Jumanne theluji imefika magotini, nikajua leo hakuna shule, basi likaja kama kawaida. Alhamisi hii naamka naona theluji ni ileile ya zamani, hakuna mpya hata chembe, jua linawaka, kumbe saa 11 alfajiri walishatuma simu kwamba shule imefungwa. Sina wa kumwachia watoto, nikakosa shifti, meneja kanuna mpaka leo. Hawa watu wanaamuaje? Na kuna namna ya kujua tangu usiku?"

Dada pole na shifti. Mimi niko kwenye mabasi ya shule, upande wa kupanga ruti na madereva, huku huku magharibi mwa New York, huu mwaka wa kumi na mbili, na kila baridi ikianza swali hili naulizwa na wenzetu, tena kwa hasira hiyohiyo. Kwanza ujue hakuna mtu anayesimama nje na rula akasema ikifika hapa tunafunga. Wanachojiuliza ni mambo matatu, basi litafika kwa mtoto? Mtoto ataweza kusimama kituoni akilisubiri? Na mchana litamrudisha? Jumanne yako yote matatu yalijibika vizuri. Alhamisi lile la katikati ndo lilikataa.

Tuanze na hiyo Alhamisi maana ndo imekuuma. Jua lile lililokuchanganya ndo dalili yenyewe. Huku wakati wa baridi usiku ukiwa na mawingu ni afadhali, mawingu yanakaa juu kama blanketi, joto la ardhini halipotei lote. Mbingu zikiwa safi bila wingu, nyota kibao, joto lote linapanda juu linakwenda zake na asubuhi unaamka na jua zuri la picha na baridi ya kuua. Alfajiri ile kipimo kilisoma -5 kwa Fahrenheit, kwa hesabu yetu ya Selsiasi ni kama -21, na upepo ulikuwa unakwenda maili 20 kwa saa. Sasa watu wa hali ya hewa wa Marekani wana jedwali lao la baridi ya upepo, unachukua baridi unachukua kasi ya upepo unapata namba moja, na hiyo yako inatoka -29, yani kama -34 zetu. Hapo sikio au pua isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Kuganda kweli dada, nyama inakuwa nyeupe na ngumu, mtoto hasikii maumivu mpaka aingie ndani ipate joto, ndo kilio kinaanza.

Wilaya za shule ninazozijua huku wengi wana mstari wao karibu na -25 ya upepo kwa Fahrenheit, ikishuka chini ya hapo wanafunga hata kama barabara ni safi kama meza. Na usidhani wanamfikiria mwanao aliyevaa jaketi nzuri na glavu na kofia ya masikio. Wanamfikiria yule mtoto mmoja aliyefika wiki iliyopita ana raba na sweta, kasimama kituoni, na basi limechelewa dakika ishirini na tano. Kila mwaka yupo. Nimewaona kwa macho yangu, na mara nyingi ni wa kwetu sisi.

Basi linachelewa kwanini? Hapa ndo nyumbani kwangu, nivumilie.

Mabasi yetu yanalala nje, yadi kubwa tu, yamepangwa mistari. Usiku wa baridi kali kila basi linachomekwa umeme kama unavyochaji simu, kuna waya unaingia kwenye injini kuipa joto mpaka asubuhi. Af kuna dizeli. Dizeli ina nta ndani yake, ukiwa joto huioni, baridi ikizidi ile nta inaanza kujitenga, mafuta yanakuwa na ukungu, yanakuwa mazito, unakumbuka chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya Julai kule Njombe? Ivo ivo. Filta inaziba, injini inakohoa mara mbili inazima. Tunanunua dizeli ya baridi, tunaweka dawa, bado kuna siku inatushinda. Breki nazo ni za upepo, na upepo una unyevu, unyevu ukiganda ndani ya mabomba breki zinang'ang'ania, basi limewaka vizuri linanguruma lakini halitoki. Kuna alfajiri moja nimesimama pale na tochi, saa 11 kasoro, fundi analala chini ya basi juu ya kipande cha boksi, ananiambia kwa mkono tu, hili nalo bado. Lilikuwa la sita.

Watu wanaona mabasi sita kati ya mengi yale ni kitu gani. Basi la njano dada halina ruti moja. Saa 12 na robo linachukua wa sekondari, linawashusha, linageuza linachukua wa darasa la sita mpaka la nane, linageuza tena linakuja kwa wadogo. Kwahiyo basi moja likigoma ni ruti tatu zimekufa, na ikichelewa ya kwanza zote zinachelewa, na wanaosimama nje muda mrefu kuliko wote ni wa mwisho, ambao ndo wale wadogo kabisa. Mtoto wako wa darasa la pili yuko kwenye hiyo foleni ya mwisho.

Haya, sasa Jumanne ya magotini.

Theluji ile ilikuwa nyepesi, kavu, ya kupuliza kama unga. Ilianguka jioni ikakatika kama saa 7 usiku. Hapo magreda ya kusukuma theluji yakapata masaa manne, matano ya kufanya kazi barabarani bila kusumbuliwa na mpya, chumvi ikamwagwa, na baridi haikuwa kali sana kwahiyo chumvi ikafanya kazi. Saa 11 barabara kubwa zote nyeusi. Theluji hiyohiyo, kimo hichohicho, ingeanza saa 10 alfajiri, ungelala na watoto wako nyumbani. Saa ya kuanguka ina nguvu kuliko wingi wake.

Na hiyo chumvi watu wanaiamini kupita kiasi. Chumvi ya mawe inayeyusha vizuri mpaka kwenye nyuzi 15 za Fahrenheit, kama -9 zetu. Chini ya hapo inazidi kuwa mvivu, unamwaga lori zima inakaa tu pale juu ya barafu kama kokoto. Ndo maana kuna siku theluji ni kidogo, sentimita tatu tu, lakini imekanyagwa na matairi ikawa kioo na chumvi haishiki, na shule inafungwa, na watu wanatukana.

Kibaya kuliko theluji yoyote ni mvua inayogandia chini. Inanyesha maji kabisa, unaiona mvua, lakini ikigusa lami, waya wa umeme, ngazi za mlango wako, inaganda hapohapo. Barabara inaonekana imelowa tu. Dereva wangu mmoja, mzee wa miaka mingi, theluji ya mita moja haimtishi, ila mvua ya namna hiyo akiisikia tu kwenye redio anapiga simu mwenyewe kuniuliza jamani mmefunga? Basi la tani kumi na watoto ndani likianza kuteleza kwenye kilima hakuna cha breki hakuna cha Bismillah, linakwenda linakotaka.

Sasa wewe umeangukia Buffalo, na Buffalo ina shida yake ambayo miji mingine haina, inaitwa ziwa Erie. Wewe wa Bukoba hili utalielewa haraka kuliko Mmarekani wa Texas. Unajua jinsi Bukoba inavyonyeshewa kuliko Mwanza, ziwa ni moja lakini upande wenu ndo unaopokea. Hapa ni habari hiyohiyo isipokuwa inashuka nyeupe. Novemba na Desemba maji ya ziwa bado yana joto la kiangazi, hewa ya kutoka Canada inakuja imeganda, inapita juu ya maji, inakunywa joto na unyevu njia nzima, na ziwa hili ni refu, karibu kilomita 390, na limelala kuelekea huku kwetu. Upepo ukija kutoka kusini magharibi unalisafiri lote kwa urefu wake af unafika Buffalo na mzigo wote unamwagwa hapa. Watu wa hali ya hewa wanaangalia tofauti ya joto kati ya maji na hewa ya juu kama kilomita moja na nusu, ikifika nyuzi 13 za Selsiasi wanaanza kukaa macho.

Na haimwagi kila mahali. Inakuja kama mkanda mwembamba, una upana wa kilomita chache tu, na unapokaa ndo hapohapo. Novemba 2014 kijiji cha Cowlesville kilipata inchi 65, hiyo ni mita moja na sentimita 65, kama kimo chako pengine, wakati kaskazini mwa Buffalo, mwendo wa gari wa kama dakika arobaini, watu walipata inchi chache na wakaenda kazini. Novemba 2022 ikaja nyingine, Orchard Park, kusini mwa Buffalo, ikapata inchi 80, mita mbili zimepita, mpaka mechi ya Buffalo Bills, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ikahamishiwa mji wa Detroit maana uwanja wenyewe uko Orchard Park. Ukisimama mahali pakavu ukatazama upande ule unaona ukuta, kama pazia la kijivu limeshushwa kutoka mbinguni, huku jua huku giza.

Kwahiyo usiwaze mtaani kwako tu. Wilaya ya shule inaweza kuwa na shule yake moja chini ya mkanda na nyingine iko juani, na walimu wanaishi hukohuko kusini ambako hawawezi hata kufungua mlango. Wewe unaona lami, mwalimu wa mwanao anaona theluji imefika kwenye kioo cha dirisha. Rafiki yako wa Amherst, hapo jirani kaskazini, watoto wameenda, wako wamelala nyumbani, au kinyume chake, na wote wawili walioamua wameamua sawa.

Ziwa hili halina kina, wastani wake ni mita 19 tu, sehemu ya chini kabisa mita 64. Mimi nimekulia Kigoma, Tanganyika pale inakwenda chini mita 1,470, ndo maana siku ya kwanza walivyoniambia ziwa linaganda nilicheka. Linaganda. Likifunikwa barafu Januari au Februari ule unyevu unakatika, na theluji ya ziwa inapungua sana. Ukadhani basi tumepona. Waulize wazee wa hapa kuhusu Januari 28, 1977. Ziwa lilikuwa limeganda tangu Desemba, juu ya barafu kumelala theluji kavu ya wiki kadhaa, ukaja upepo, mikupuo ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, ukaifagia theluji yote ya ziwani ukaileta mjini. Theluji mpya iliyotoka mbinguni siku zile ilikuwa inchi 12 hivi, si kitu kwa Buffalo, lakini nyumba zilifukiwa, magari yalifukiwa na watu ndani, mji ukafungwa siku na siku. Tangu hapo watu wa huku wanaogopa upepo kuliko theluji. Na Desemba 2022, siku mbili kabla ya Krismasi, upepo na theluji na baridi vilikuja pamoja, watu zaidi ya 40 walikufa kwenye kaunti hii, wengine kwenye magari yao, wengine barabarani kwa miguu. Sitaki kukutisha ila ukisikia kaunti imetangaza marufuku ya kuendesha gari, hiyo si ya kujadili, na siku hiyo usisubiri simu ya shule, imefungwa.

Umeuliza wanaamuaje, basi usiku wenyewe unakwenda hivi. Saa 2 usiku wakubwa wa wilaya jirani wanapigiana simu, maana hakuna anayependa kufunga peke yake wala kubaki wazi peke yake, hilo hawatalisema kwenye kikao lakini ndo ukweli. Saa 9 usiku kuna watu wanatolewa kitandani wakaendeshe kwenye zile ruti mbaya, vilima, njia za ndani zenye nyumba tatu, wanashika breki makusudi waone gari linakwenda wapi. Wanaongea na jamaa wa magreda. Mimi natoa ripoti ya yadi, mabasi mangapi yamewaka, madereva wangapi wamepiga simu hawawezi kutoka. Saa 10 na nusu yule superintendenti, mkuu wa wilaya nzima ya shule, anakaa na hayo yote mbele yake na rada ya hali ya hewa, anaamua. Ni mtu mmoja dada, na akikosea upande wowote anatukanwa siku nzima. Anaweza pia kusema tuanze masaa mawili baadaye, hapo unapata muda wa jua kupanda na greda kurudi mara ya pili.

Kwanini wasisubiri waone mambo yanavyokwenda? Kwasababu ya kile kilichotokea Atlanta, mji wa kusini ambako theluji ni nadra. Januari 28, 2014, theluji ya inchi mbili na kitu, wewe ungeicheka, ilianza kuanguka mchana watoto wakiwa shuleni. Shule zikafunga, ofisi zikafunga, kila mtu akaingia barabarani kwa wakati mmoja, magreda hakuna ya kutosha, lami ikageuka kioo. Maelfu ya watoto walilala shuleni usiku ule, wengine walikwama kwenye mabasi mpaka usiku mwingi. Mimi nikifikiria tu basi langu limejaa watoto wa miaka saba, giza, dizeli inapungua, simu za wazazi zinaita, nasema heri nitukanwe saa 11 alfajiri.

Kufunga nako si bure, usidhani wanafurahia. Jimbo la New York linataka siku 180 za masomo kwa mwaka ili wilaya ipate hela yake yote ya serikali. Kwenye kalenda huwa wanaweka siku chache za akiba kwa ajili ya mambo haya, zikiisha wanaanza kula likizo ya watoto ya majira ya machipuo, au wanasema leo kila mtu asome kwenye laptopu nyumbani. New York City walijaribu hiyo Februari 13, 2024, asubuhi mfumo ukagoma, watoto na walimu wengi wakashindwa kuingia. Na kuna watoto ambao chakula cha uhakika cha siku ni kile cha shuleni, hilo nalo liko mezani saa 10 na nusu. Mimi binafsi naona wakati mwingine wanafunga haraka mno, hasa wakishaona majirani wawili wamefunga, lakini kwa Alhamisi yako hapana, siwezi kuwalaumu.

Swali lako la kujua tangu usiku. Kwa baridi, ndiyo, unaweza karibu kila mara, maana baridi inatabirika vizuri kuliko theluji ya ziwa. Usiku kabla hujalala fungua apu ya hali ya hewa, usitazame picha ya jua, tafuta ile namba ya "inavyohisika" ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Ikiwa -25 au chini kwa Fahrenheit, panga kama hakuna shule. Tena kwa baridi mara nyingi wanatangaza jioni hiyohiyo, hiyo Alhamisi walichelewa kwasababu utabiri wa upepo ulikuwa umekaa pembeni mwa mstari. Kwa theluji ya ziwa usijidanganye, mkanda unaweza kuhama kilomita kumi ukiwa umelala. Hapo tazama kama kuna onyo la theluji ya ziwa kwa upande wako, na saa inayotarajiwa. Saa 10 alfajiri mpaka saa 2 asubuhi ndo saa mbaya.

Af nenda pale ofisini kwa shule uhakikishe namba yako ya simu ni ya sasa, wengi wetu tunabadilisha laini simu inakwenda kwa mtu asiyejulikana. Waambie pia unataka ujumbe kwa Kiswahili, ni haki yako kupewa taarifa kwa lugha unayoielewa, wasikuzungushe. Na mtafute mama mmoja wa jengo lenu mwenye shifti ya usiku, mkubaliane kabisa kabla, siku ya kufungwa yeye yuko nyumbani anabaki na wa kwako, wewe Jumamosi unabaki na wa kwake. Meneja mpelekee ule ujumbe wa shule kwenye simu yako, auone mwenyewe, wengine hulegea.

Halafu ukikosa kijiko jikoni usigombe mtu, angalia chini ya mto wa huyo wa darasa la pili. Shuleni wanafundishana kwamba ukilala na kijiko chini ya mto na pajama umeigeuza ndani nje, kesho theluji inakuja shule inafungwa. Wa kwangu walimwaga na barafu ya friji chooni. Mimi baba yao ndo nilikuwa naamka saa 8 usiku kwenda yadi.